ALITAKA 4K, AKAPOTEZA KIPANDE CHA MAMA YAKE: STORI YA JAMAA WA IFAKARA

Kuna jamaa mmoja Ifakara, maeneo ya Kibaoni, miaka 24. Mpunga ulipouzwa mama yake alimkabidhi milioni moja na laki sita, akamwambia: "Fanya hiyo filamu yako, ila mvua za kupanda zikianza nataka laki nne ya trekta iwepo." Hapo ndo mchezo ulipoanza.

Filamu yenyewe fupi tu, dakika 15, kuhusu mama lishe aliyekuwa akiuza wali samaki kivukoni enzi za pantoni, kabla ya daraja la mto Kilombero. Watu wa Mahenge, Lupiro na Malinyi walikuwa wakisubiri kuvuka, wanakula. Daraja lilipokuja magari yakawa yanapita moja kwa moja, sahani zikabaki kavu. Jamaa hakuhitaji kutunga sana. Huyo mama lishe ni mama yake, na alimpanga acheze mwenyewe.

Tatizo likawa kamera. Jamaa ameangalia video za mtandaoni mpaka kichwani kumejaa 4K tu. Dada yake, ambaye ndiye mwenye laptopu na anaediti video za harusi na kipaimara pale mjini, akamuuliza: "Hiyo 4K utaifungulia wapi, mdogo wangu?"

Jamaa akaona anawekewa kauzibe. Lakini swali lilikuwa la kikubwa. 4K ina vitone vya picha mara nne ya 1080p. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa, yaani kadi ya GB 64 inajaa kabla ya saa moja na nusu. Sasa laptopu ya RAM GB 4, diski imejaa harusi za watu, ndo uiambie ifungue hiyo? Dada alisema hata simu ingetosha. Na kweli, Sean Baker alipiga Tangerine kwa iPhone 5s na ikaonyeshwa Sundance 2015. Nollywood nayo ilipaa kwa kanda za VHS. Jamaa hakusikia. Akakodi 4K kutoka Morogoro, siku tatu.

Siku ya pili jua linazama, mama kakaa kwenye kigoda kando ya mto, akaanza kusimulia kitu ambacho hakikuwepo kwenye skripti. Januari 2016, pantoni lilipozama kwa upepo na mvua, yeye akiwa ng'ambo na sufuria zake, hajui nani yuko ndani ya maji. Dakika sita bila kukatisha. Dada aliyeshika maiki alikuwa analia kimyakimya.

Usiku wakahamishia kwenye laptopu. Diski ikajaa katikati, ikaleta ujumbe, jamaa kachoka hakusoma. Asubuhi akafuta kadi ili kazi iendelee. Mpaka wanagundua, mchana ulishaingia na kadi ishaandikwa vitu vingine juu yake. Kipande cha mama hakikuwepo popote.

Mama alipoambiwa hakugomba. "Siwezi kusema tena mwanangu," akaenda kuosha vyombo. Bora angegomba bana.

Kamera ikarudishwa Moro. Wiki nzima jamaa na dada yake hawakuongea vizuri, halafu wakakaa chini na daftari. Wakanunua Canon 600D ya mkononi, 1080p. Inakula kama MB 330 kwa dakika, hesabu GB 20 kwa saa, na kila faili linaishia GB 4, kama dakika 12 hivi. Wakaweka fremu 25 na shata 1/50, maana umeme wetu ni hezi 50, hapo taa za tyubu hazipepesi kwenye picha. Sauti ikarekodiwa kwenye simu na maiki ndogo ya kubana kifuani. Watu wanavumilia picha yenye chengachenga. Sauti mbovu hawavumilii, wanazima.

Hela iliyobaki haikwenda kwenye lenzi. Zikanunuliwa diski mbili za nje. Kila jioni kadi inamwagwa kwenye zote mbili, dada anafungua faili moja moja na kulitazama, ndipo kadi inafutwa. Diski moja inalala kwa jirani. Kwenye kuediti anatumia programu nyepesi, kwanza anatengeneza kopi ndogo za video zote, anakatia hizo, mwisho anarudishia zile halisi na kuiacha mashine ifanye kazi usiku kucha, umeme ukipenda.

Siku ya mwisho mawingu yalishaanza kujaa upande wa Udzungwa. Walikuwa wanapiga mama akikaanga samaki tu, bila maneno. Akageuka.

"Hiyo inanasa?"

"Inanasa mama."

"Na ya kutunzia mnayo?"

"Zipo mbili."

Akavuta kigoda, akakaa. Safari hii dakika mbili tu, macho makavu, anageuza samaki huku anaongea. Dada anasema hii ndo bora. Jamaa mpaka leo anaikumbuka ile ya kwanza.

Hela ya trekta ilibaki laki tatu na nusu. Hiyo elfu hamsini mama bado anamdai.