Springi za Upepo

Mombo ni mji uliokaa mlangoni pa mlima. Abiria wa Dar es Salaam aendaye Moshi au Arusha huteremka hapo kidogo, akanyoosha miguu, akala, akapanda tena basi lake, na mji ukabaki nyuma yake kama kituo tu. Walakini kwa mtu wa Soni, wa Lushoto au wa Mlalo, Mombo si kituo. Ni mahali ambapo njia ya tambarare hukoma na njia ya milima huanza. Reli ya Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na tokea siku hizo mzigo wa bondeni na mzigo wa mlimani umekuwa ukikutana katika mji huo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo mfupi gari hupanda kiasi cha mita 1,000. Chini kuna joto la mkonge na mpunga. Juu kuna baridi ya mboga na matunda. Katikati kuna kona baada ya kona, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili.

Fundi wa magari afanyaye kazi mahali kama hapo hujifunza upesi kwamba springi si kitu cha raha peke yake. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuulaza abiria usingizi. Kwa kweli springi na shokapu ndizo ziamuazo kama gurudumu litaishika barabara au litairuka, na katika kona za Soni jambo hilo si dogo.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja, mzaliwa wa kijiji kilicho juu ya Soni na mfanyakazi wa Dar es Salaam, alileta gari lake katika gereji moja ya Mombo. Lilikuwa gari la mbio la viti viwili, Nissan Fairlady Z, lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika Japani. Lilikuwa zuri la kutazamwa, refu mbele, fupi nyuma, na uvungu wake ulikuwa karibu sana na ardhi, kama sentimita 12 tu. Watoto wa Mombo walilipa jina la Mjusi siku ile ile. Mjini gari hilo lilimletea kijana sifa. Njiani lilimletea aibu. Kila tuta la barabara kuu lililikwaruza tumbo, na njia ya udongo iendayo kwao haikulikubali kabisa. Mara mbili alikuwa ameliacha Mombo na kwenda kumwamkia mama yake kwa gari la abiria.

Ziko njia mbili za zamani za kuponya maradhi ya kimo cha gari. Atakaye kulishusha huzikata springi. Atakaye kulipandisha hutia vipande vya kuziinua. Njia zote mbili ni rahisi, na zote mbili humfunga mtu katika uamuzi mmoja. Kijana hakutaka kufungwa. Alitaka gari liiname Dar es Salaam na lisimame wima kwao. Basi alikuwa ameagiza vifaa vya springi za upepo: mifuko minne ya mpira, kompresa, tangi dogo, vali, mabomba membamba ya nailoni, mita ya presha na swichi.

Mwenye gereji alikuwa mzee aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake katika karakana za mabasi. Vitu vile havikumtisha, kwa maana mabasi mengi makubwa ya siku hizi hubebwa na mipira ya upepo. Alivigeuzageuza mkononi, akauliza swali moja tu.

“Mwanangu, wataka gari hili lifanye kazi gani?”

“Nataka liwe chini nikitaka, mzee, na juu nikitaka.”

“Hayo ni matakwa. Mimi nimeuliza kazi.”

Kijana akafikiri, kisha akasema kwamba Jumamosi dada yake angeolewa, naye alikuwa ameahidi kumpeleka bibi arusi kwa gari hilo. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Fikira ya gari lenye kimo cha kubadilika si mpya. Mwaka 1955 kampuni ya Citroën ilionyesha Paris gari lake la DS, lililobebwa na mafuta yenye presha pamoja na gesi, na dereva aliweza kuchagua kimo chake kwa wenzo uliokuwa ndani ya gari. Mwaka 1957 Cadillac wa Marekani nao walitoa gari la fahari lililokalia mifuko ya hewa. Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa aliposhambuliwa kwa risasi Petit-Clamart mwaka 1962, DS lililomchukua lilipasuliwa matairi, lakini halikushindwa kuendelea na mwendo.

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na shule yake ya springi. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari yaliyokuja kujulikana kama Safari Rally, ambayo kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, iliyo Tanzania hivi leo. Katika matope na mawe hayo gari la mbio, Datsun 240Z, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Huko Japani gari hilo liliitwa Fairlady Z. Kwa hiyo Mjusi wa Mombo alikuwa wa ukoo wa mashujaa hao. Lakini mashujaa hao walisimama juu ya springi za chuma. Kimo chao kiliamuliwa gerejini kabla ya safari, na dereva aliondoka akijua alichopewa. Gari la upepo ni tofauti: uamuzi wake haumaliziki gerejini. Hufanywa upya kila siku na mtu aliyeketi nyuma ya usukani, awe mwenye busara au asiwe nayo.

Kazi ilichukua siku mbili. Springi za chuma zilitolewa, mifuko ikatiwa mahali pake, na kompresa na tangi vikafungwa katika buti. Mzee alimwonyesha kijana siri ya jambo lile kwa hesabu ndogo aliyoiandika kwa chaki sakafuni. Mfuko wenye uso wa sentimita mraba 70, ukitiwa presha ya kilo 5 kwa kila sentimita mraba, hubeba kilo 350. Magurudumu manne yakipata kila moja mfuko wa namna hiyo, gari la kilo 1,400 huinuka. Hapana muujiza, upepo hubeba kwa sababu umefungiwa. Ukipata nafasi ya kutoka, haubebi kitu.

Kisha akaufunga usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, gari likiwa limeshushwa. Upande wa kushoto mbele tairi liliugusa mfuko. Mpira ukisuguana na mpira kwa siku nyingi hupasuka bila kutoa habari. Mzee akausogeza mfuko kwa kikanda cha chuma, akapima tena, kisha akasema kwamba kimo cha chini kabisa ni cha gari lililosimama, si cha gari linalokwenda. Kimo cha mwendo alikitia alama kwa rangi katika mita, na magurudumu yakanyoshwa kwa kimo hicho, kwa maana gari likishuka au kupanda magurudumu nayo hubadili mwinamo wake.

Ijumaa jioni kazi ilionekana imekwisha. Swichi ilipobonyezwa gari liliinuka kama ngamia aliyepakiwa mzigo, nyuma kwanza, mbele baadaye, na vijana waliokusanyika wakapiga makofi. Kijana akatoa fedha. Mzee hakuzipokea. Alichukua futi, akapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi, akaandika hesabu nne ukutani, akasema, “Gari hili litalala hapa. Usiku ndio utakaolipima.”

Asubuhi hesabu zilikuwa zimebadilika. Pembe tatu zilikuwa zimeshuka milimita 6 au 7. Pembe ya nne, ya kushoto nyuma, ilikuwa imeshuka milimita 30.

“Baridi ya usiku hiyo, mzee,” alisema kijana.

“Baridi haina upendeleo,” mzee alijibu. “Hewa ikipoa hujikusanya, na gari hushuka kidogo pande zote sawasawa. Pembe moja ikishuka peke yake, hapo pana tundu.”

Kijana alisema kwamba kompresa ingelijaza. Alibonyeza swichi, na kweli, katika muda wa kuvuta pumzi chache pembe ile ilirudi ilipokuwa jana. Mtu asiyekuwapo alfajiri asingejua kwamba pana kasoro. Hoja yake ilikuwa na nguvu: gari lilikuwa limesimama sawa machoni pa watu wote, dada alikuwa akingoja, na ahadi ni deni.

Mzee akamwambia kwamba kompresa ndogo haikuumbwa kufanya kazi bila kupumzika. Ikilazimishwa kujaza mfuko uvujao hupata moto, mwisho huungua, na haichagui mahali pa kuungulia. Ikifa katika mteremko wa Soni, pembe moja itaketi juu ya tairi lake, na gari litataka kwenda upande lisikoelekezwa, bibi arusi akiwa ndani. “Swichi hii,” alisema, “imekuonyesha gari zima. Lakini haikuliponya. Imeuficha ugonjwa tu.”

Kijana alikasirika. Aliuliza ni nani aliyeifunga kazi hiyo mbovu. Hapo ndipo mzee alipopata nafasi ya kujiokoa, kwa kuwa walikuwapo wanagenzi wawili ambao lawama ingewakaa vizuri. Alilala chali, akaingia uvunguni, akapaka povu la sabuni kila mahali bomba lilipoungana na kifaa. Katika ungio la nyuma kushoto povu likaanza kutoa vipovu vidogo, kimoja baada ya kingine, taratibu. Akalitoa bomba, akalitazama ncha yake juani. Lilikuwa limekatwa mshazari kwa msumeno, halikukatwa wima kwa kisu kikali. Kwa hiyo mpira wa ndani ya ungio haukuweza kulikumbatia pande zote.

“Mkono ulioikata ncha hii ni huu,” alisema, akauinua mkono wake wa kuume. “Jana uliniharakisha, nami nikakubali kuharakishwa. Kosa ni langu, wala si la watoto hawa. Bomba hili limekuwa fupi, na jipya la kipimo hiki hapa Mombo sina. Gari halipandi leo.”

Kijana alipanda mlima kwa gari la abiria akiwa amevaa suti, magoti yake yakiwa juu ya kapu la mtu mwingine. Dada yake alipelekwa arusini kwa pikapu ya mjomba, iliyobebwa na springi za chuma ngumu, nayo haikumpa mtu shaka yoyote. Jioni wako waliomcheka kijana kwamba gari lake la maelfu lilishindwa na bomba. Hakuwa na jibu la kuwapa.

Bomba jipya lilifika Jumatatu. Lilikatwa wima, likatiwa, likapakwa povu, na povu likatulia. Gari likalazwa usiku wa pili, na asubuhi pembe zote nne zilikuwa zimeshuka kwa kipimo kimoja. Mzee hakudai malipo ya siku hizo, ila alimtaka kijana alale chini yeye mwenyewe na kupaka povu kila ungio, mpaka alipoweza kufanya hivyo bila kuonyeshwa, na kulitoa maji tangini, kwa kuwa hewa ya Mombo ina unyevu na maji hudhuru vali. Kijana, aliyekuja kutafuta swichi, akaondoka na mavumbi mgongoni.

Alipofika Soni alisimama akapima. Alipofika kwao aliliinua gari, likaipita njia ya udongo bila kukwaruza, mama akatoka kulitazama. Asubuhi, baada ya baridi ya mlimani, gari lilikuwa limeshuka upana wa kidole, pande zote nne. Alitabasamu, kisha akabonyeza swichi.

Watu husema, aliye juu mngoje chini. Habari ya gari hili yaongeza neno dogo juu ya msemo huo. Kushuka si fedheha, wala kupanda si kiburi. Kila kimoja kina mahali pake, na mtu awezaye vyote viwili amepewa neema kubwa. Lakini neema hiyo ina mtihani wake. Chuma kikiwa kibovu huonekana, maana hakina jinsi ya kujisahihisha mbele ya watu. Kinachoweza kujiinua kwa kubonyezwa chaweza pia kuonekana kizima mchana kutwa hali kinavuja. Wanadamu nao wako hivyo: mwenye ulimi mwepesi na uso wa kubadilika hujijaza upya kila apunguapo, na jamaa zake wasijue. Mtu wa namna hiyo hana budi kupimwa asubuhi, kabla hajabonyeza kitu, na aliye bora ni yule ajipimaye mwenyewe, akaona pembe iliyoshuka, akauinua mkono uliokosea, akasema ni wangu.