Mashua yetu inakauka kando ya ziwa

Kila ninaposhuka kutoka Bibokoboko kwenda Baraka kupeleka habari redioni, napita kando ya ziwa kuangalia ile mashua. Bado imelala ubavu, jua limepasua mbao zake. Mama yangu ana franka zake ndani ya mashua ile.

Shauri lilikuwa zuri. Akina mama wanaoteremsha maharagwe kutoka mlimani walichanga, wapate mashua yao ya kufika Uvira. Siku fundi alipopiga msumari wa kwanza mimi ndiye niliyetangaza. Nilihoji rais wa komite, nikahoji fundi. Sikuuliza nani atanunua mota.

Kumbe kila mtu alikuwa na mashua yake kichwani. Fundi alijenga kubwa, ya kubeba magunia mengi. Mfanyabiashara aliyeahidi mota alifikiria ile ndogo, ya wavuvi. Mwenye kiwanja alihesabu kodi ya kila mwezi. Watu wa bandari waliitwa mwisho, wakauliza makaratasi. Hakuna aliyedanganya. Hawakuwahi kukaa pamoja, basi.

Hapo huwa nafikiria Graf von Götzen. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikasafiri katika masanduku mpaka Dar es Salaam, kisha kwa gari moshi mpaka Kigoma. Kiwanda, meli za bahari, reli, serikali: mmoja akikosa, chuma kinabaki njiani. Iliingia ziwani 1915, vita imeshafika, ikafungwa mzinga. Mwaka 1916 Wajerumani wakiukimbia mji waliizamisha wenyewe, lakini mafundi waliokuja nayo kutoka Papenburg walipaka mota zake grisi nene kwanza. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikatembea tena kwa jina la Liemba. Sisifu wakoloni, vita ile iliua wapagazi wengi wa kwetu. Nasema tu kwamba aliyeijenga alikuwepo hata siku ya kuizamisha, akafikiria kesho yake.

Jumamosi iliyopita wote walikaa chini ya mwembe, mara ya kwanza. Mama akauliza: “Baba, mota iko wapi?” Mfanyabiashara akatazama viatu vyake, akasema bei imepanda, apewe mpaka mwisho wa mwaka. Kelele zikaanza. Fundi akaomba pamba na mafuta ya mawese tu, azibe nyufa kabla mbao hazijaoza.

Mama ametoa tena. Safari hii nimeandika majina ya wote na kila mmoja alichoahidi, na nitayasoma redioni.