Kuufuata Moshi Hadi Ziwa Mweru

Kiangazi kinapokolea, kati ya Juni na Oktoba, picha za setilaiti huonyesha wingu kubwa la monoksidi ya kaboni juu ya kusini mwa Congo, kaskazini mwa Zambia na Angola. Ni gesi ya moto wa nyika. Picha hizo nimezitazama sana nikiwa Dar es Salaam, lakini moshi wenyewe sikuwa nimeuona. Agosti nikavuka mpaka wa Tunduma na kushika njia ya Kasama, Luwingu na Mansa, nikielekea Nchelenge.

Baada ya Mansa barabara inafuata bonde la mto Luapula, inapita Mwense na Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe. Miombo ya huko ilikuwa imeungua vipande vipande. Mahali pamoja basi lilipunguza mwendo: moto ulikuwa ukila nyasi hadi ukingoni mwa lami, na mwewe wakizunguka juu yake kudaka panzi waliokuwa wakiukimbia. Abiria walifunga madirisha bila hata kukatisha mazungumzo yao. Moto ni sehemu ya kilimo cha huku. Katika chitemene, mkulima hukata matawi, huyarundika yakauke, huyachoma mvua ikikaribia, kisha hupanda ulezi kwenye majivu. Sioni haki kumwita mharibifu mtu anayerutubisha shamba kwa njia aliyorithi, ingawa moto mwingi huwashwa kwa sababu nyingine na huponyoka.

Nchelenge iko ufukweni kabisa mwa Ziwa Mweru, ila siku ile ng'ambo ya Congo haikuonekana. Maji yaliishia kwenye utusitusi wa kijivu, na jua la mchana lilikuwa jekundu kama la magharibi.

Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, hupita sehemu hizi kwenye saa saba na nusu mchana, ikiwa kilomita 824 juu. Kipimo chake, TROPOMI, husoma mwanga wa jua uliogonga ardhi na kurudi angani. Kila gesi hunyonya rangi zake: dioksidi ya nitrojeni hupunguza mwanga wa bluu, monoksidi ya kaboni hupunguza miale ya infraredi tusiyoiona. Kwa upungufu huo hujulikana gesi ni kiasi gani, tangu ardhini hadi juu angani, kwa kila kipande cha nchi chenye kilomita chache kila upande. Ndivyo tunavyojua kwamba moshi wa huku husukumwa na upepo wa mashariki, ukapita Angola na kufika Bahari ya Atlantiki.

Jioni nilikwenda Kashikishi, soko la samaki. Nyuma ya vibanda kulikuwa na vichanja vya miti, samaki wamelazwa juu, kuni mbichi zikifuka chini. Mama mmoja aliyevuka ziwa kutoka Congo kununua samaki alikuwa akiwageuza kwa mkono mtupu, mtoto mgongoni, macho yakimchuruzika. Nikampa pole ya moshi. "Baba," akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, "moshi njo kazi yetu."

Moshi ule hauingii kwenye ramani. Kwanza, kipimo kinategemea jua, na jua lilikuwa limezama. Pili, kinajumlisha hewa yote ya juu na chini, hakitenganishi ile iliyo usawa wa pua ya mtoto. Masika yakifika, mawingu nayo huziba mengi. Korea Kusini mwaka 2020, Marekani 2023 na Ulaya 2025 zimerusha vipimo vinavyokaa juu ya eneo lilelile na kulisoma kila saa ya mchana. Kusini mwa Sahara hatuna hata kimoja, na hata tungekuwa nacho, jioni ya Kashikishi kisingeiona.

Kinachohitajika ni vifaa vya kupima vumbi la moshi, vifungwe chini, wanakoishi watu. Hospitali ya Mtakatifu Paulo iko hapohapo Kashikishi, na shule zipo. Takwimu za Sentinel-5P hutolewa bure kwa yeyote. Wanaopanga bajeti za afya Lusaka na Kinshasa wazitumie kujua msimu wa moshi, kisha wafunge vipimo pande zote mbili za ziwa, waanzie palipo na vichanja vya samaki.