Kidonge Kwenye Droo ya Cherehani



Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa huku Kabanga, Kasulu. Nina kibanda cha ushonaji, cherehani tatu na wasichana wawili ninaowafundisha. Leo naandika jambo ambalo hata mama yangu nilimficha mwaka mzima.

Nilipimwa kliniki nikiwa na mimba ya mwisho, nikaambiwa nina virusi vya homa ya ini aina ya B. Nikamtazama mume wangu kwa jicho baya, kumbe alipopimwa hana! Daktari akasema huenda niliipata tangu utotoni. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto Tanzania mwaka 2002, sisi tulishakuwa wakubwa. Mume wangu akachanjwa sindano tatu. Mtoto naye kachanjwa, na alhamdulillahi hana.

Nikaanzishiwa tenofovir, kidonge kimoja kila siku. Dawa hii hutumika pia kwa wenye VVU, basi wifi yangu alipoliona kopo akanitengea kikombe. Nami, jamani, huu ugonjwa hauambukizwi kwa chakula wala kikombe! Kwa aibu nikaacha dawa. Si nilikuwa najiona mzima? Miezi miwili baadaye macho yalikuwa ya manjano kama binzari, mkojo kama chai ya rangi. Ukiikatisha ghafla, virusi vinaweza kuamka kwa nguvu na ini likavimba. Nililazwa wiki nzima, oda ya sare za shule ikaenda kwa fundi mwingine.

Sasa kopo linakaa droo ya cherehani, pamoja na bobini. Ramadhani nakunywa baada ya futari, na daktari wangu anajua. Kila miezi sita napimwa damu na ultrasaundi ya ini, maana saratani ya ini huja kimyakimya.

Kilichonitia hofu zaidi ni wembe wa kufumulia mishono. Tulikuwa tukipokezana mmoja, na virusi hivi hukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi. Sasa kila msichana ana wembe wake na sindano zake, na wote wawili wamepima na kuchanjwa. Niliwaambia ukweli mwenyewe. Mmoja alilia, kisha akauliza kama kesho aje mapema tumalizie gauni la bibi harusi.

Kile kikombe bado ninacho. Nakiwekea pini.