Kupanda Kadutu kutafuta mashine ya mkate

Juma hili tupande pamoja Kadutu.

Ukitoka Nyawera, panda polepole. Bukavu ni mji wa vilima, na soko kubwa limekaa juu, kati ya nyumba za mbao zilizobanana bega kwa bega. Ukifika, geuka kwanza utazame Ziwa Kivu lilivyotulia kule chini. Kisha shika mfuko wako vizuri, uingie.

Mimi nilipanda na hasira. Kila asubuhi ninauza chai mbele ya mlango wetu, na wanafunzi wanapenda mkate uliochomwa, uliopakwa avoka. Zamu yangu ya likelemba ilipofika, nilinunua mashine ya kuchomea mkate, ya mitumba, inang'aa kama kioo. Dola 20. Fishi yake ilikuwa na vyuma bapa viwili, haikuingia ukutani. Muuzaji akaniongezea adapta, nami nikaiona ni zawadi.

Asubuhi ya kwanza, waya za ndani ziliwaka kupita kiasi. Kipande cha kwanza kikawa makala. Cha pili hakikupata hata joto, na plastiki ikaanza kunuka. Nikachomoa mbio. Anayeishi kwenye nyumba za mbao anajua hofu yangu: moto ukianza kwako, hauishii kwako.

Pembeni mwa soko kuna mafundi wa redio na pasi. Nilimpa mmoja mashine yangu. Hakuiwasha, aliigeuza tu juu chini.

— Mama, ulisoma hapa kabla ya kulipa?

Kwenye kibati kidogo paliandikwa 120 V.

— Hii ni ya nchi kama Marekani. Umeme wetu ni 220. Umeipa zaidi ya mara tatu ya nguvu yake. Adapta inabadilisha fishi tu, haipunguzi umeme.

— Basi nitengenezee, papa.

Alitafuta visi hata moja, hakuona. Bati lilikuwa limekunjwa na kubanwa kiwandani. «Hii hawakuifanya ifunguliwe,» akasema. «Waliifanya itupwe.» Dola zangu 20 zilikwisha hapo.

Chini ya meza alikuwa na nyingine: nzito, ya chuma, imekwaruzwa, haina uzuri wowote. Alishika turnevisi, akafungua visi nne, akanionyesha tumbo lake. Waya za joto zimezungushwa juu ya vibao vya ulanga, kila kibao peke yake. Kikifa kimoja, kinatolewa hicho tu. Muda unapimwa na saa ya kuzungusha kwa mkono. Mkate unaunyanyua mwenyewe. Katika mashine nyingi za siku hizi, kinachoushikilia mkate chini ni sumaku ya umeme; umeme ukikatika, mkate unaruka juu ukiwa mbichi. Hapa kwetu mnajua mara ngapi unakatika!

Aliomba dola 30. Nilimwambia sina. Tukapatana nilipe mara mbili, wiki mbili.

Kabla sijaondoka alinifundisha mambo haya, nami nawapa ninyi:

Soma kibati: 220 au 230 V. Kama hakuna kibati, acha.

Tafuta visi zinazoonekana. Bila visi, hakuna fundi atakayekusaidia.

Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Waya za pande zote zipate rangi sawa.

Pitisha mkono kwenye kamba yote. Ikiwa imekauka au imepasuka, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Hakikisha trei ya makombo inatoka. Makombo yakirundikana yanashika moto.

Na usiingize kamwe kisu ndani kabla ya kuchomoa fishi.

Tangu siku ile mashine imekufa mara moja, upande wa kushoto. Niliibeba nikapanda nayo. Fundi akabadilisha kibao kimoja, nikalipa franka 5000, na kesho yake wanafunzi walikula kama kawaida. Umeme ukikosekana, ninaweka wavu juu ya mbabula na kazi inaendelea.

Wa kwangu wananicheka kwamba ni mbaya kama sanduku la misumari. Ni kweli. Lakini ile iliyong'aa ilinipa asubuhi moja. Hii inanipa pesa za shule.