Nyuzi Sifuri

Ukiishi Oulu, kaskazini mwa Ufini, unajifunza mapema kwamba baridi kali si tatizo kubwa la mwendesha baiskeli. Kipimajoto kikisoma nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji iliyoshindiliwa njiani huwa kavu na ngumu, inalia chini ya tairi kama mchanga, na baiskeli inashika. Tatizo ni sifuri. Hapo theluji inaanza kuyeyuka, utando mwembamba wa maji unatanda juu ya barafu, na tairi linakosa pa kushika. Maji hayo yakiganda tena usiku, asubuhi njia inang'aa kama sahani iliyooshwa.

Huu ni mwaka wangu wa pili wa shahada ya uzamili hapa. Chumba nilichopanga kiko kilomita tano kutoka chuoni, na nauli ya basi ya mwezi ni fedha ninayoweza kuituma nyumbani. Kwa hiyo nilinunua baiskeli ya mtumba. Breki yake ya nyuma hukamata ukirudisha pedali nyuma, haina waya wa kuganda. Fundi aliniuzia tairi la njumu, yaani lenye vipande vidogo vya chuma vinavyouma barafu. Akasema kama nina fedha ya tairi moja, nilifunge mbele: gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kujiokoa, la mbele likiteleza uko chini tayari.

Mengine nimefundishwa na njia yenyewe. Nikitoka nyumbani nikiwa nimeshiba joto, baada ya kilomita moja jasho linalowa mgongoni, na jasho ndilo linaloleta baridi ya kweli. Afadhali utoke ukitetemeka kidogo. Mikono na masikio ndivyo vya kufunika kwanza. Taa lazima ziwe na chaji, kwa sababu mwishoni mwa Desemba jua linachomoza kama saa nne na nusu asubuhi, na saa nane mchana linaaga.

Nilipomwambia baba kwa simu kwamba naenda chuo kwa baiskeli, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Mama," akasema hatimaye, maana ndivyo anavyoniita, "mimi nilikanyaga miaka kumi na minne ili wewe usikanyage."

Alikuwa dereva wa daladala za baiskeli mjini Shinyanga. Abiria alikaa nyuma kwenye keria iliyofungwa mto wa sponji, na ada zetu za shule zilitoka hapo. Malori yalimsukuma pembeni kwenye mchanga, naye alishuka, akasukuma, akapanda tena. Kisha bodaboda za pikipiki zikaja, abiria wakahama, akaiuza ile Phoenix yake. Tangu siku hiyo hakuitaja. Mtu akimuuliza alikuwa akifanya kazi gani, alijibu, "Biashara ndogondogo."

Sikubishana naye. Mtoto wa baiskeli nami najua nyumbani inahesabiwa kuwa kitu cha nani: cha asiye na pikipiki. Lakini wiki ile nilianza kumtumia video. Nikamtumia magreda yanayosukuma theluji kwenye njia za baiskeli alfajiri, kabla watu hawajaenda kazini. Nikamtumia watoto wa shule ya msingi wakipita gizani na taa zao, bibi mwenye kikapu cha mboga mbele, na mwalimu wangu, profesa, akifungua kofia yake ngumu huku nyusi zimeganda weupe. Nikamweleza kwamba mji huu una zaidi ya kilomita 900 za njia hizi, nyingi zikipita chini ya barabara kubwa ili baiskeli isikutane na lori, na kwamba mwaka 2013 watu walikuja hapa kwa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa uendeshaji baiskeli wakati wa baridi.

Alizitazama zote, najua, kwa sababu ya zile alama mbili za bluu. Hakujibu chochote.

Mimi mwenyewe, nikipita chini ya barabara huku lori likinguruma juu ya kichwa changu, nilikuwa nikiwaza kwamba miguu ya baba haikuwa na kasoro. Alikuwa na nguvu kuliko watu wengi ninaopishana nao hapa. Wao wamepewa njia. Yeye alipewa ukingo wa lami, kisha akaachwa aamini kwamba aibu ni yake.

Mwezi Machi, siku ya sifuri, alipiga simu mwenyewe. Baada ya shikamoo na marahaba, aliuliza habari za masomo, kisha akakohoa.

"Hizo njumu," akasema, "zingeshika matope ya mbuga wakati wa mvua?"

Nikamwambia hapana, yale matope meusi yangezijaza na kuzifunika.

"Nilijua," akasema. "Pale huwezi kuyashinda. Unatoa upepo kidogo kwenye tairi, linatanuka, unakwenda pole pole, na breki ya mbele usiiguse kabisa."

Nikatafuta kalamu. Ndivyo wanavyofanya hapa pia juu ya theluji laini, nikamwambia. Akacheka, kisha akaendelea kunifundisha hadi salio lake lilipokwisha.