Dakika Nzima

Saa ya muuguzi hubandikwa kifuani kichwa chini, ili mwenye kuivaa aisome bila kuishika, mikono yake ikiwa kwenye kazi nyingine. Ya kwanza kuiona maishani mwangu niliiona Ilongero, huko Singida, mwaka 1984. Nilikuwa na miaka 10, nimembebea mama kikapu, naye amembeba mdogo wangu wa kiume mgongoni, miezi minane, kikohozi kikiwa siku ya tatu. Tulitoka nyumbani gizani kwa miguu. Ulikuwa mwezi wa Julai, na anayeijua Singida anaujua upepo wa Julai: unapita katikati ya mawe makubwa ukiwa na vumbi na baridi pamoja, na khanga mbili hazitoshi kumfunika mtoto.

Mama alikwenda kutafuta sindano. Siku zile mtu akisema anakwenda kutibiwa alikuwa na maana ya sindano, na sindano yenyewe ilikuwa ya penisilini, PPF. Bomba lilikuwa la kioo, likichemshwa katika sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na watoto tuliijua sauti ya sufuria ile ikigongana na vyuma vilivyomo.

Muuguzi aliyetupokea hakuligusa bomba. Alimlaza mtoto mapajani mwa mama, akamfunua nguo mpaka kitovuni, akainamisha macho, mara kwenye saa yake, mara kwenye tumbo la mtoto. Akanyamaza. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanakohoa, mbuzi wa mtu analia nje. Yeye kimya. Mama alivumilia kidogo, halafu akashindwa. "Sista, mtoto anakufa huyu, na wewe unamtazama tu?" Hakujibu. Alipomaliza ndipo aliponyanyua uso. "Sitini na nane, mama. Ni mapafu. Sasa tunamchoma."

Mdogo wangu alipona. Leo ni baba wa watoto watatu, na nitarudi kwake.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka huohuo wa 1984 Frank Shann na wenzake, waliokuwa wakitibu watoto huko Papua New Guinea, walichapisha kazi iliyoonyesha kuwa mtoto mwenye kikohozi anayehema zaidi ya mara 50 kwa dakika yafaa apewe dawa ya nimonia, hata pasipokuwa na picha ya eksirei wala maabara. Shirika la Afya Duniani baadaye likapanga mipaka kwa umri, na mhudumu wa zahanati za kwetu anaijua kwa moyo: 60 au zaidi kwa mchanga ambaye hajafikisha miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi asiyefikisha mwaka, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi asiyefikisha mitano. Ugonjwa uliokuwa ukiua watoto kuliko mengi mengine ukawa unatambulika kwa macho na saa. Nilipoyasoma hayo nilimwona tena yule muuguzi wa Ilongero, ameinama, hajibu.

Nilianza chuo cha uuguzi mwaka 1994. Tulifundishwa kwa mikono. Kipimajoto cha zebaki ukikikung'uta ukikunje kiwiko, ukikung'ute kwa kifundo cha mkono mpaka uzi wa zebaki ushuke chini ya 35, ndipo ukiweke kwapani, ukae dakika tano, usiondoke. Presha ulisikiliza kwa masikio: unaupuliza mpira, unaiachia hewa polepole, unangojea mdundo wa kwanza, kisha unangojea unapopotea. Dripu tulihesabu matone. Seti zetu zilitoa matone 20 kwa mililita moja, kwa hiyo kwinini ndani ya chupa ya mililita 500 iliyotakiwa kuisha kwa saa nne ilikuwa matone 42 kwa dakika, na ole wako uiache ikimbie, maana kwinini huutikisa moyo na huishusha sukari. Mpaka leo nikiona bomba linavuja jikoni najikuta nahesabu.

Kuhema tulifundishwa mwisho, kwa hila. Shika kifundo cha mkono cha mgonjwa kama unayepima mapigo, alisema mwalimu wetu, hesabu mapigo, ukimaliza usiachie mkono. Endelea kuushika, macho yashuke kifuani. Akijua unahesabu pumzi zake atazibadilisha. Na iwe dakika nzima. Wanafunzi tuliona ni jambo dogo. Halikuhitaji chombo, na kijana aliyetoka shule anapenda chombo.

Nilipohitimu nilipangiwa hospitali moja mbali na nyumbani. Sitaitaja, na haya niliyoyakuta huko niliyakuta na kwingine. Zamu ya usiku muuguzi mmoja alibaki na wodi ya vitanda thelathini, wengine wamelala wawili kitanda kimoja, ndugu zao kwenye mikeka chini. Glavu za kuhesabu. Chati ilitaka joto, mapigo, presha na pumzi kwa kila mgonjwa kila baada ya saa nne. Zidisha mwenyewe. Joto lilipimwa kwa kuwa kipimajoto kilikuwepo. Mapigo tulipima nusu dakika tukazidisha kwa mbili, baadaye robo tukazidisha kwa nne. Pumzi tuliandika 20.

Ishirini kwa kila mtu. Mzee wa pumu 20, kijana wa kuvunjika mguu 20, mama aliyejifungua 20. Ukiipitia wodi nzima asubuhi ungedhani wagonjwa wote wamekubaliana kuhema kwa mpigo mmoja kama kwaya. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo. Niliikuta safu ile imejaa ishirini, nami nikaendelea nilipokuta wenzangu wamefikia.

Mwaka 1998 alilazwa mwanamume wa miaka kama 30, amepasuliwa utumbo uliojisokota. Siku ya pili baada ya upasuaji. Saa nne usiku nilimpima, akanitania kuhusu baridi ya mikono yangu. Saa nane usiku nikapita tena. Joto 37.9. Presha 110 kwa 70, nzuri tu. Alikuwa macho, hakulalamika, alisema tu kwamba amechoka. Nikaandika 20 nikaenda kwa mtoto wa degedege upande wa pili.

Kulipokucha aliingia inchaji wa wodi, mama mmoja mnene wa miaka mingi kazini. Hata mkoba wake hajauweka. Alipita kwenye kitanda kile, akasimama, akalishusha shuka. "Huyu anahema hivi tangu lini?" Tulihesabu pamoja: 38. Nikaitazama chati, nikaona mwandiko wangu. Daktari aliitwa. Kwenye saa tatu asubuhi presha ilianguka kama jiwe, na yule kijana hakuifikia saa nne.

Hakuna aliyeniuliza. Mke wake alinishukuru kwa kumhudumia mumewe, akaniambia Mungu anibariki, na hilo ndilo ambalo limekaa nami kuliko kama angenipiga kofi.

Nimejifunza baadaye kwa nini hali ilikwenda vile. Mwili wa kijana una nguvu ya kuficha. Usaha ukisambaa tumboni, damu ikachafuka na kuwa na asidi, mapafu huongeza kasi ili kuitoa ile asidi kwa njia ya hewa. Moyo na mishipa huikaza presha ibaki ilipo, saa hata saa, mpaka vishindwe vyote kwa mara moja. Kwa hiyo presha inatangaza habari za mwisho. Habari za kwanza ziko kwenye pumzi, na pumzi ndiyo safu tuliyokuwa tukiijaza bila kutazama.

Vyombo vikabadilika. Bomba la kioo liliondoka zamani, likaja la kutumia mara moja na kutupwa. Zebaki nayo imeondoka: mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaobeba jina la mji wa Japani ambao watu wake walisumishwa na zebaki iliyomwagwa baharini, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipimajoto vile. Tulipewa vya betri vinavyolia. Mashine ya presha ikawa ya kubonyeza. Kisha kikaja kile kidude cha kubana kidole, kinachotoa mwanga mwekundu na kuonyesha oksijeni ya damu kwa asilimia. Njia yake ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970; alifariki Aprili 2020, dunia nzima ikikitafuta chombo chake kwa ajili ya Uviko.

Nakipenda chombo hiki, na nimeona kikiokoa watoto ambao kwa macho tungewachelewesha oksijeni. Ila nina maneno nacho. Mgonjwa mwenye vidole vya baridi, na kwetu Julai wote wanavyo, kinamdanganya. Aliyepaka piko kwenye kucha kinamdanganya. Na mwaka 2020 madaktari wa Michigan huko Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuuona upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Chombo kilichojaribiwa zaidi kwenye ngozi nyingine ndicho tunachokiamini kwenye ngozi zetu. Tena kinaonyesha mapigo na oksijeni, basi, hakihesabu pumzi. Yule kijana wangu wa 1998, ningekuwa nacho, pengine kingenisomea 96 saa nane usiku, nami ningeondoka na moyo mweupe.

Mwaka 2022 mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea wote, maneno yakapotea. Baada ya hospitali tulimrudisha nyumbani, kwa mdogo wangu yuleyule, na mimi nikaomba likizo nikaenda Ilongero.

Kiswahili kina neno ambalo sikulitafakari miaka yote ya kazi. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani husema nimeuguliwa. Ugonjwa uko kwa mwingine, lakini umekutendea wewe. Na majirani hawakuniita muuguzi kwa cheo changu, walinipa mkono wakasema, "Pole kwa kuuguza," mimi na wifi yangu sawasawa, yeye aliyeishia darasa la saba.

Nikamfundisha. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, simu ikilia hata kama ni usiku wa manane: ubavu, mgongo, ubavu, mto katikati ya magoti, visigino vining'inie visiguse godoro. Vitabu vyetu vilisema utafute wekundu kwenye ngozi kabla kidonda hakijafunguka. Kwa ngozi ya mama wekundu hauonekani. Nilimshika wifi mkono nikauweka juu ya nyonga ya mama, kisha pembeni yake, nikamwambia apapase: pale panapoungua, au pamekuwa pagumu kama embe bichi, ndipo panapoanza kuoza. Alipapata siku ya tatu kabla yangu. Kumlisha akiwa amekaa, uji mzito kijiko kidogo, kidevu kishuke, angoje ameze. Kumsafisha kinywa. Na pumzi.

"Shika mkono wake kama unamsalimia," nilimwambia. "Tazama shuka linavyopanda. Simu yako ina saa."

"Nusu dakika haitoshi, wifi?"

Nikamsimulia habari za yule kijana. Sikuwa nimemsimulia mtu mwingine yeyote, hata mume wangu. Wifi alisikiliza huku anachambua mlenda, hakunipa pole wala hakunilaumu. Alinawa mikono, akaenda kitandani, akakaa. Nilimwona kutoka mlangoni, ameinama. Yule muuguzi alikuwa amefanya hivyohivyo mwaka 1984 kwa ajili ya mume wake wifi, angali mtoto, umbali usiofika kilometa mbili kutoka pale.

Aliandika kwenye daftari la shule la mwanawe, asubuhi na jioni: 18, 17, 19, 18, 22, 18. Nikaifurahia ile safu kwa sababu haikufanana.

Likizo ilikwisha nikarudi kazini Singida mjini. Wiki ya tano, saa kumi alfajiri, simu iliita.

"Wifi, shikamoo. Mama anahema thelathini na moja. Jana jioni alikuwa kumi na tisa."

"Marahaba. Umehesabu?"

"Dakika nzima. Mara mbili."

Nikamwambia amkalishe, mito miwili mgongoni, asimpe uji wala maji. Kisha nikavaa viatu, nikaenda kumgongea jirani mwenye gari.